Jiko la Shaba la Safari za Chanjo

Jiko lile nilipewa na daktari mgeni siku alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Mimi nilikuwa nesi mpya Mwanza, nimetoka ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na timu ya chanjo. Timu ni neno kubwa. Tulikuwa mimi, dereva na Landrova ya serikali iliyokuwa inavuja mvua upande wangu.

Daktari aliniita barazani kwake, akanipa kisanduku cha bati ambacho ningeweza kukibeba kwa mkono mmoja. Ndani mlikuwa na jiko la shaba la mafuta ya taa, dogo kuliko sufuria ya chai, lenye miguu ya kukunja na pampu nyembamba kama kidole. Alikuwa akipanda nalo milima, analibeba mgongoni pamoja na hema na blanketi.

"Limelala na mimi juu ya Kilimanjaro," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Sasa lilale na wewe Usukuma. Tafadhali usiliogope. Lakini liheshimu."

Akanionyesha. Unamwaga spiriti kidogo kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa cha jiko, unaiwasha, unasubiri kichwa kipate moto sawasawa. Spiriti ikikaribia kwisha, unafunga kizibo cha hewa na kupiga pampu. Hapo mafuta yanapanda yakiwa mvuke, yanatoka kwenye tundu dogo sana, yanashika moto wa bluu na kuanza kuvuma. Mikononi mwake lilionekana jambo jepesi.

Nilipojaribu peke yangu chumbani, sikuwa na subira. Nilipiga pampu kabla kichwa hakijapata moto, mafuta yakatoka mabichi, na mwali ukapanda mpaka karibu na dari. Niliokoa pazia, nyusi sikuziokoa. Wenzangu wa bweni la manesi walicheka wiki nzima, na mmoja wao akawa ananichora nyusi kwa wanja kila asubuhi kabla sijaenda kazini.

Nilikuwa na sababu ya kulitaka. Siku zile mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo. Ukishamchoma mtoto, bomba na sindano vinarudi kwenye sufuria kuchemshwa kabla ya kumchoma mwingine. Kijijini tulitegemea kuni za wenyeji. Kama ni masika, kuni zimelowa, maji hayachemki, moshi unatutoa machozi, na wakati huohuo barafu kwenye sanduku la dawa inayeyuka. Kuna kijiji upande wa Sengerema tulikoondoka na nusu ya akina mama hawajahudumiwa, kwa sababu tu maji yalikataa kuchemka. Walikuwa wametembea na watoto mgongoni tangu alfajiri. Nilipowaambia warudi mwezi ujao walijibu "Haya, sista," kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

Kwa hiyo jiko lilianza kusafiri. Wa kwanza kulikataa alikuwa dereva.

Alikuwa kijana wa Magu, mtoto wa wakulima wa pamba, mrefu, msemaji wa maneno machache. Alilitazama jiko, akanitazama mimi na nyusi zangu za wanja.

"Sista, hicho kitu kitapanda gari hili?"

"Kitapanda."

"Basi mafuta yake yatoke kwanza."

Niliyamwaga kwenye chupa. Akakagua mwenyewe, akaligeuza kichwa chini miguu juu, ndipo akaniruhusu kulipakia. Baadaye alinieleza kwamba utotoni alisikia jiko la aina hiyo limelipuka kwenye hoteli ya chai Magu na kung'oa bati la paa. Hakuliona kwa macho, lakini alikuwa amelifikiria mara nyingi mno. Tukifika kijijini alikuwa akishusha mizigo, akinisaidia kutandika meza, kisha anachukua kigoda chake na kwenda kukaa mbali, ng'ambo ya gari, mpaka nimalize kuchemsha.

Mimi nililizoea polepole. Nilijifunza kuchuja mafuta kwa kitambaa cha chachi, kwa sababu ya dukani yalikuja na mchanga na mara nyingine maji. Nilijifunza kwamba ndani ya pampu mna kipande cha ngozi mfano wa kikombe, na kwamba kikikauka pampu inakwenda bure, haisukumi hewa. Ukikipaka samli kinalainika. Spiriti ilipoanza kuadimika nililowesha pamba kwa mafuta ya taa na kuiweka kwenye kikombe, na pamba huku kwetu haikosekani. Ilitoa masizi, lakini kichwa kilipata moto.

Upepo wa ziwani ndio ulionishinda. Vijiji vya ufukweni havina kivuli wala kizuizi, unawasha, moto unazimika. Siku moja dereva alitokea na kipande cha debe la mafuta ya kupikia alichokikata na kukikunja mara tatu kama ukurasa. Akakisimamisha kuzunguka jiko, akasema, "Jaribu," akarudi kwenye kigoda chake. Lakini niliona kigoda hakiko ng'ambo ya gari tena. Kiko upande wangu, karibu na tairi la mbele.

Watoto walikuwa na shida yao. Jiko likivuma lilitoa sauti ya nyoka moma anapojivimbisha, na haikuchukua muda wakajua kwamba sauti ile ikianza, sindano inafuata. Tulikuwa tukiwasha tu, wanakimbilia kwenye mashamba ya pamba, akina mama wanawafuata huku wanaita, na foleni yote inavurugika. Mahali fulani walilipa jina, Nyoka wa Sista. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea siku moja kwa kuniuliza, kwa heshima kabisa, kama safari hii nimekuja na nyoka au nimemwacha Mwanza.

Niliwaza nifanye nini. Mwishowe nikaanza kuja na unga wa mtama na karanga zilizotwangwa. Tukifika, kabla ya yote, napika uji kwenye jiko hilohilo, pale pale mbele ya watoto, kila mmoja anapata kikombe. Ndipo nachemsha mabomba. Dereva ndiye alikuwa anakoroga, kwa sababu mimi nilikuwa napanga kadi. Ziara ya kwanza walikunywa na bado wakakimbia. Ziara ya tatu walisikia mvumo wakaja mbio, na wengine walileta vikombe vyao kutoka nyumbani. Walilia walipochomwa, lakini hawakukimbia.

"Tumewadanganya," dereva alisema tulipokuwa njiani kurudi.

"Hatukuwadanganya. Uji wameunywa."

Akafikiri. "Ni kweli. Hata mimi nimekunywa." Hapo nikajua kwamba ameacha kuliogopa, au angalau ameacha kukiogopa chakula chake.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Busisi. Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Geita, tunangoja feri ituvushe kwenda Kigongo, na feri ilikuwa imeharibika ng'ambo ya pili. Tuliiona kwa macho imeegeshwa, na watu wadogodogo kama nukta juu yake. Upande wetu kulikuwa na malori ya pamba, basi la abiria, baiskeli, mbuzi. Watu walikuwa wameshakata tamaa na kuanza kupika, na kila kijiti kilichokuwa karibu na ufuko kilikuwa kimeshaokotwa.

Mchana ulipoanza kupoa, mama mmoja wa makamo alitoka kwenye basi, akaona msalaba mwekundu kwenye mlango wa gari letu.

"Sista, mkwe wangu ameshikwa na uchungu. Tulikuwa tunampeleka Mwanza hospitali, mtoto wa kwanza alimsumbua sana. Naona hatafika."

Nilikwenda kumwona. Alikuwa msichana tu, ameegemea tairi la basi, anauma ncha ya khanga. Nilimpima pale pale, nikajua mama mkwe wake amesema kweli. Akina mama wa kwenye basi walisimama kuzunguka na kushika khanga zao juu kama kuta. Mimi nilikuwa na mkasi, uzi, pamba na mikono yangu. Nilimwita dereva.

"Washa jiko. Mkasi na uzi vichemke, halafu maji mengine ya kuoshea."

Hakuwahi kuliwasha. Alikuwa ameniona nikiliwasha mara nyingi, lakini yeye mwenyewe mkono wake haukuwahi kuligusa likiwa na moto. Alinitazama mara moja, akaenda. Nikiwa nimepiga magoti ndani ya ile nyumba ya khanga nilisikia pampu, kisha kimya, kisha mvumo. Nikamshukuru Mungu, nikamrudia mgonjwa wangu.

Halafu mvumo ukakohoa, ukafa.

"Tundu limeziba," alisema kutoka nje.

"Kuna waya wa kuzibulia kwenye kisanduku."

"Umekatika."

Ule waya ulikuwa mwembamba kuliko unywele wa ng'ombe, na bila huo jiko lilikuwa kipande cha shaba tu. Sikuweza kumwacha msichana. Nilimwambia atafute chochote. Nilimsikia akizungumza Kisukuma na mtu, haraka haraka, kisha kukawa na kicheko kidogo cha mshangao. Baadaye nilielezwa kwamba alimwomba mwenye baiskeli mmoja akate uzi mmoja kutoka kwenye kebo ya breki yake, na yule bwana akakubali, akaukata kwa meno ya koleo. Dereva akauingiza kwenye tundu kichwa kikiwa bado cha moto, kwa sababu hakutaka kusubiri kipoe. Aliungua vidole viwili. Jiko likavuma tena.

Mtoto alitoka jua likiwa bado lipo juu ya maji. Alikuwa wa kike, na alitoka kimya. Nilimfuta mdomo na pua, nikamsugua mgongo, nikamgeuza, nikampulizia. Nilisikia mawimbi na lile jiko, basi. Kisha akakunja uso kama mtu aliyekasirishwa, akalia.

Vigelegele vilifika mpaka Kigongo. Mafundi wa feri walitusimulia baadaye kwamba waliacha kazi wakasimama kutazama. Nilikata kitovu kwa mkasi uliochemshwa, nikafunga, nikamwosha mtoto kwa maji ya vuguvugu. Yule mama mkwe alimpokea, akamtazama usoni muda mrefu, akasema, "Amefanana na bibi yake," akimaanisha mwenyewe, na msichana akacheka huku anatetemeka.

Tulipomaliza, nilitoka nje nikakaa chini mchangani. Dereva alikuwa ameshachemsha chai kwenye jiko lilelile. Alinipa kikombe kwa mkono wa kushoto, kisha akaomba radhi kwa kutumia kushoto, na hapo ndipo nikaviona vidole vyake. Nilimpaka dawa. Feri ikaja, tukavuka, msichana na mtoto wamelala kwenye benchi letu la nyuma, na mama mkwe ameshika sufuria yangu mapajani kama mali yake.

Dereva alinichumbia baada ya miezi kadhaa, njiani, akiwa ameshika usukani na macho yako barabarani.

"Sista, nataka kuacha kukuita Sista."

"Utaniitaje?"

"Ukikubali, nitakuita mke wangu. Ukikataa nitaendelea na Sista, sitakusumbua."

Nilimwambia asimamishe gari kwanza, maana jambo kama lile halijibiwi gari likirukaruka. Akasimamisha. Nikakubali.

Baba yangu hakupinga, lakini alihuzunika kwa sababu ya chakula. Tulipokwenda kwetu kujitambulisha alimkalisha mchumba wangu, akampa kahawa ya kutafuna, kisha akanigeukia mimi kana kwamba mgeni hayupo.

"Nasikia kwao hawana ndizi."

"Hawana, baba."

"Utakula nini?"

"Ugali. Na maziwa."

"Maziwa ni ya watoto," alisema, akatikisa kichwa. Lakini mgeni alikuwa akitafuna kahawa chungu ile punje kwa punje bila kukunja uso, na baba aliliona hilo. Alipotoa nyingine na ile nayo ikapokelewa kwa mikono miwili, mambo yakaisha.

Kwa mama mkwe wangu huko Magu, safari ilikuwa ndefu zaidi. Alikuwa mjane mwenye nguvu, mwenye ng'ombe wachache na shamba la pamba alilolipalilia mwenyewe. Nilipofika mara ya kwanza kama mke ilikuwa masika, kuni zimelowa, na mimi nilikuwa nimezoea kazi ya hospitali kuliko mafiga. Moshi ulinifukuza jikoni. Nikatoa jiko langu, nikaliwasha barazani, nikapika chai. Nilidhani nitamfurahisha.

Alikuja, akainama, akatazama chini ya sufuria.

"Majivu yake yako wapi?"

"Halina majivu, mayu," nilijibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Sasa vyungu nitavisugua na nini?"

Nikammiminia kikombe. Alikataa ile chai, akasema inanuka taa. Jioni nilimsikia akimweleza jirani kwamba mkwe wake mpya ni msichana mzuri, msomi, shikamoo yake imejaa heshima, lakini anapikia kwenye kibatari. Mume wangu alitaka kwenda kusema naye. Nikamzuia. Kesho yake niliingia jikoni kwake, nikamwomba anifundishe kuzipanga kuni mbichi zishike moto, akanifundisha. Jiko nikalirudisha kwenye kisanduku.

Alilikubali mwenyewe, wakati wa kuchuma pamba. Shamba lilikuwa mbali na nyumba, na wachumaji walikuwa wakipoteza muda mwingi kwenda nyumbani kunywa chai na kurudi. Nilikuwa likizo, nikabeba jiko kwenye kikapu, nikalitua chini katikati ya mistari ya pamba. Pamba ya kuwashia sikuhitaji kuitafuta. Nikapika chai kwa maziwa ya ng'ombe wake.

Alikuja akiwa amefunga gunia kiunoni, limejaa.

"Kwa hiyo linatembea," alisema.

"Linatembea, mayu."

"Mafiga yangu hayatembei." Akaketi juu ya gunia la pamba, akapokea kikombe, akanywa. Hakusema kama kinanuka taa. Aliomba cha pili. Tangu siku hiyo, kila tulipofika Magu, alikuwa akitoka nje kutupokea na swali lake la kwanza lilikuwa kama jiko limekuja. Mimi alinisalimia baadaye.

Miaka ilikwenda. Tulijenga nyumba ya vyumba viwili Buzuruga, wakati ule bado kuna mashamba ya mihogo na unaweza kusikia vyura. Tulipata watoto. Kazini tuliletewa sufuria kubwa ya kuchemshia vifaa pamoja na jiko lake, basi jiko langu likastaafu safari za chanjo na kukaa barazani kwetu. Shaba yake ilikuwa imeshakuwa nyeusi upande mmoja, mguu mmoja ulikuwa umeungwa, na kipande cha ngozi ndani ya pampu kilikuwa cha tatu au cha nne, kimekatwa kutoka ulimi wa kiatu cha zamani cha mume wangu.

Kisha vita vikaingia upande wa kwetu, mpakani. Baba alikuwa ameshafariki. Mama yangu alitoka kijijini na majirani kwa miguu, akalala kwa ndugu huku na huku, hatimaye akapata meli. Nilimpokea bandarini akiwa na kikapu kimoja na khanga mbili alizozivaa zote. Nyumba ilikuwa imechomwa. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza kama watoto wameshakula.

Mama mkwe alisikia, akaja kutoka Magu kwa basi, na kuku wawili wamefungwa miguu na gunia la michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Alisema amekuja kumpa pole mwenzake, atakaa siku mbili tatu. Alikaa mpaka mvua zikaisha.

Walikuwa hawana lugha. Mmoja alikuwa na Kihaya, mwingine Kisukuma, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha sokoni na kanisani. Mama mkwe aliweka l kila mahali penye r, na mama yangu alifanya kinyume chake, wakaelewana vizuri kuliko nilivyotegemea. Mafuta ya taa yalikuwa adimu, na foleni ya duka la ushirika ilianza asubuhi. Walikwenda pamoja, kila mmoja na chupa yake, wakarudi mchana wamechangamka, wamejua habari za mtaa wote. Nilijaribu kuwapumzisha, nikawaambia nitamtuma mtu.

"Tutakaa hapa tufanye nini?" mama mkwe aliuliza. "Tutazamane?"

Mkaa wa mvua ulikuwa haushiki, basi jiko la shaba likafanya kazi ya nyumba nzima. Wakagawana. Mama mkwe alikuwa wa kupiga pampu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguvu. Mama yangu alikuwa wa kuchuja mafuta na kuzibua tundu, kwa sababu macho yake yalikuwa bado makali. Siku moja wanapika ndizi kwa dagaa, siku nyingine michembe kwa karanga, na kila mmoja alimtazama mwenzake akila chakula cha kigeni mpaka tonge la mwisho. Mama yangu, aliyekuja mwembamba na mkimya, alianza kunenepa. Alianza pia kubishana, na hapo nikajua amepona. Nilirudi kazini mchana mmoja nikawakuta wanabishana kama jiko lipigwe pampu kabla ya kuweka sufuria au baada ya hapo, sauti zao ziko juu, na mume wangu amesimama mlangoni na kofia mkononi, hathubutu kuingia.

Habari zilipokuja kwamba watu wanarudi, mama alisema naye anarudi. Nilimsihi akae. Alisema shamba la migomba halipaliliwi na mgeni. Tulimfungia vitu: sufuria, blanketi, jembe, mbegu za maharage. Asubuhi ya safari mama mkwe aliingia barazani, akazima jiko, akalikung'uta, akamwaga mafuta kwenye chupa, akalikunja miguu, akaliweka ndani ya kisanduku chake cha bati na kukiingiza kwenye kikapu cha mama yangu, chini ya blanketi. Hakuniuliza.

"Mayu," nilisema, "hilo ni langu."

"Najua. Wewe una nyumba, una mkaa, una mume. Huyu anaanza na nini? Apange mawe, atafute kuni, kwenye mvua, peke yake?"

Mama yangu alianza kukataa. Mama mkwe akamfunikia kikapu kwa khanga, akakifunga fundo.

"Limezoea kutembea," alisema.

Nilibaki nimeshika kile kizuizi cha upepo cha debe, nikakichomeka nacho pembeni ya kikapu, maana kule kwetu nako kuna upepo.

Nilikwenda kumwona mama nilipopata likizo. Alikuwa na kibanda cha miti na nyasi katikati ya migomba iliyoanza kuchipua upya kwenye mashina yaliyoungua. Majirani walikuwa wamempigia udongo kuta, na kila siku ya kazi ile aliwapikia kwenye jiko, sufuria baada ya sufuria, mpaka mguu ulioungwa ukaachia na akaweka jiwe mahali pake. Alinipikia kahawa. Jiko lilikuwa linavuma sawasawa.

Sikuleta habari za kumrudisha Mwanza. Niliona mwenyewe hapakuwa na sababu. Aliniuliza habari za watoto, za mume wangu, kisha za mwenzake wa Magu, kwa kirefu. Alitaka kujua kama pamba imekubali, kama goti lake bado linamsumbua. Aliponisindikiza njiani alisema, "Mwambie msimu wa senene aje. Aje aone na sisi tunakula nini."

Nilifikisha ujumbe nikitegemea kicheko. Mama mkwe hakuwahi kupanda meli, na wadudu hakuwa akiwahesabu kama chakula. Aliuliza tu meli inaondoka siku gani. Tulimsindikiza bandarini na kuku zake. Alitapika njia nzima, alitusimulia aliporudi, akaapa hatapanda tena. Lakini mama yangu alimpokea, akamkalisha chini kwenye majani mapya yaliyotandikwa sakafuni, akawasha jiko, akakaanga senene kwa chumvi. Mama mkwe alikula mmoja kwa kumheshimu mwenyeji wake. Kisha akala wengine. Alirudi Magu na kifuko kizima amekificha ndani ya nguo, akawagawia majirani mmojammoja, na waliokataa hakuwapa mara ya pili.